Ongeza Kumi

Hesabu ilipofika hamsini na tatu, fundi akachomoa njiti kwenye ufagio na kuanza kumtekenya mkewe nyayoni.

Mkewe alikuwa juu ya nguzo ya chuma katikati ya sebule, magoti yameibana, mikono imenyooshwa juu na kufungwa kwa mkanda kwenye pete iliyo karibu na dari. Akacheka, akalia, akacheka tena. "Nakufa!" akapiga kelele.

"Ongeza kumi!" fundi akajibu kwa furaha. Jirani wa ghorofa ya juu akapiga makofi.

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria. Ukining'inia hesabu sitini bila kusema unakufa, umeshinda. Ukisema, unaongezewa kumi. Majirani wa jengo zima walikuwa wameshaelezwa: mkisikia makelele ni mazoezi, mpigieni makofi mumpe moyo. Nao, watu wa watu, walipiga.

Fundi kazi yake ilikuwa kuchomelea vyuma, na nguzo ile aliichomelea mwenyewe, sakafuni na darini, akaapa kwamba hata tembo hawezi kuing'oa. Alikuwa ameona kwenye simu wanawake wanaozunguka nguzo kwa madaha, akatamani wa kwake. Kumpeleka kwa mwalimu? Thubutu! Wivu wake haukumruhusu mke yule hata kufika dukani. Ufunguo wa mlango aliuvaa shingoni. Basi mwalimu akawa yeye. Na kwa kuwa mazoezi ya nguvu huchosha, akayatia mzaha: leo popo, kesho nyani, keshokutwa nguo kwenye kamba. "Mazoezi bila kicheko ni kifungo, mke wangu," alipenda kusema. Aliyecheka zaidi ni yeye.

Mke naye alikuwa na lake moja tu. Mama yake alikuwa kitandani, hoi, safari ya nusu siku kwa basi, na wiki ya sita ilikuwa inakatika. Fundi alikuwa ameahidi: siku utakayofika sitini, nakufungulia mlango ukamwone.

Jumatatu alifika hamsini na nane. Jumanne simu ya fundi, simu pekee iliyokuwamo nyumbani, ililia katikati ya hesabu. Akasoma ujumbe, akausoma tena, akaizima na kuitia mfukoni. "Watu wa kazini hao," akasema. Jioni ile alimchemshia mkewe chai kwa mkono wake mwenyewe, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu waoane.

Ijumaa mke akafika sitini. Midomo aliing'ata mpaka ikatoka damu, lakini neno halikumtoka.

"Nifungulie mlango," akasema alipoteremshwa.

Fundi akakuna kidevu. "Sasa ni sabini. Bingwa hakai pale pale."

Mwingine angemrushia kigoda. Yeye alikaa chini, akajisugua mikono iliyovimba. Kisha akasema, "Sawa, mume wangu. Ila naona wewe mwenyewe hata arobaini hufiki."

"Mimi? Mimi ninayebeba mageti mgongoni?"

"Basi panda. Ukifika sitini, sitataja tena habari za mama. Mpaka nife."

Hapo macho ya fundi yakang'aa. Ahadi ile aliihitaji kuliko alivyoonyesha. Tena siku ile ndiyo kwanza alikuwa ameanza likizo ya wiki mbili, karakana nzima ikijua amesafiri. Haraka ya nini? Akavua shati, maana nguzo hushikwa na ngozi, nguo huteleza. Akavua saa. Akavua na ufunguo shingoni akauweka mezani, kwa sheria yake mwenyewe: apandaye nguzo havai chuma, kisije kikaikwaruza. Ni sheria hiyohiyo iliyomvua mkewe pete ya ndoa.

Akasimama juu ya kigoda. Mkewe akapanda kiti, akamfunga mkanda kama alivyofundishwa, mizunguko mitatu na fundo, kisha akashuka na kuondoa kigoda.

Ishirini ilipita fundi akitania. Thelathini akanyamaza. Arobaini na moja magoti yakateleza, uzito wote ukahamia mikononi, mkanda ukauma.

"Arobaini na mbili," mkewe akasema, akivaa viatu. Akachukua ufunguo mezani.

"We! Nishushe!"

"Arobaini na tatu."

"Nakufa!"

Jirani wa juu akapiga makofi. Wa chini akapiga mluzi.

Mlango ukafunguka. Fundi akamwona mkewe kizingitini, amejitanda vizuri kama mtu anayekwenda kumjulia hali mgonjwa, na uso wake una furaha ambayo hakuwa ameiona tangu siku ya harusi. Basi, kwa mara ya kwanza wiki ile, akasema kweli.

"Usiende! Mama yako amekufa! Wamemzika Jumatano, ujumbe umo kwenye simu! Amekufa, nakwambia, amekufa!"

Makofi yakarindima jengo zima.

"Ongeza kumi," mkewe akasema. Akafunga mlango kwa nje, akazungusha ufunguo mara mbili, akashuka ngazi mbio amuwahi mama yake.