Nani Atabaki na Watoto Hemani

Hema lilimwangukia Saeed kwa mara ya tatu, na Kheiria hakunyanyuka kumtoa. Alikaa barazani na kikombe chake cha chai, akimtazama mumewe akifurukuta chini ya turubai, mkono huku, mguu kule.

"Mhandisi mzima," alisema. "Visima vya mafuta anavijua, kijihema kinamshinda."

Majirani wa mtaa wa Madinat Sultan Qaboos walikuwa wakichungulia juu ya ukuta, na hilo ndilo alilolitaka. Nasriya wa nyumba ya pili kila kiangazi London, kila kiangazi picha zilezile na njiwa walewale. Yeye Kheiria mwaka huu anakwenda Uhispania, tena si hotelini, maana hotelini kila mtu anakwenda. Anakwenda kupiga kambi. Huko kuna bustani kubwa ya michezo, ina magari ya kumpindua mtu miguu juu, na ndani ya uzio wake mna uwanja wa mahema. Wazungu wanalipia kulala chini, basi na yeye atalipia. Kijitabu chenye picha za mahali hapo alikuwa ameshawaonyesha hata wasiomuuliza.

Lilibaki jambo moja, nalo lilimnyima raha. Yaya alikuwa amenyimwa viza. Watoto walikuwa watatu, mkubwa wao hajatimiza miaka sita, na magari yale hayapandishi watoto wafupi. Lazima awepo mtu wa kubaki nao hemani. Saeed? Saeed hata hema lenyewe limemshinda. Aliyebaki ni mama yake Kheiria, Bi Mahbuba, mjane wa mwaka wa tatu sasa, hana kazi, hana mume wa kumpikia, yeye na redio yake tu. Asipokwenda yeye, safari haipo, na Nasriya atacheka mpaka ashike mbavu.

Kheiria akatia gari moto mpaka Mawaleh, bila hata kupiga simu. Alikuta mafundi wanaingiza kitanda kipya chumbani kwa mama yake, kitanda kipana cha mbao nzito.

"Cha nini hiki, mama? Na mwili wako huo, si hata mkeka ungekutosha?"

"Mgongo, mwanangu," alisema Bi Mahbuba. "Nataka kujinyoosha kidogo."

Kheiria alicheka kwa pua. Uzee huo, na kujinyoosha. Akamwekea kijitabu mapajani. Mama alivaa miwani, akatazama, akaivua.

"Nikalale kwenye turubai mie? Tulipotoka Unguja nililala chini mpaka mbavu zikaota sugu. Nikamwambia marehemu baba yako, Mungu amrehemu, sitolala chini tena."

"Utapewa godoro la upepo."

"Nna presha."

"Presha njoo nayo."

"Na hao watoto wako wanauma."

"Watoto wote wanauma, mama."

Bi Mahbuba akauliza wanaondoka lini. Kheiria akamwambia, Jumatano ya wiki ijayo. Na kurudi? Baada ya wiki mbili. Mama akaonekana kama mtu aliyeletewa habari njema.

"Basi nendeni salama," alisema.

Kheiria akakitwaa kijitabu chake. Mwanamke mchoyo kiasi hiki hajapata kumwona. Tangu baba alipofariki, nani anayemletea wale watoto kila Alhamisi asubuhi na kuwachukua Ijumaa usiku, ili asijione mpweke? Ni yeye Kheiria. Saeed aliwahi kusema labda bibi naye anachoka, na Kheiria akamuuliza anachoshwa na nini, kukaa?

"Sema kweli, mama. Kinachokuzuia nini hasa?"

"Mie sijapata kusafiri bila ya ruhusa," alisema Bi Mahbuba, macho yakiwa kwenye kitanda. "Mwanamme aliye juu yangu akisema nende, ntakwenda. Akisema nikae, ntakaa."

Kheiria nusura acheke. Kumbe ni hilo tu. Baba hayupo, mtoto wa kiume hakuzaliwa, basi mwanamme huyo si mwengine ila mjomba Humam, na mjomba Humam hajapata kumkatalia Kheiria kitu tangu utotoni.

Ijumaa jioni akaenda Azaiba. Nje kwa mjomba magari yamejaa, viatu vimezagaa mlangoni, wanaume wanatoka wakifuta midomo. Mjomba na wageni wake, kila apitaye alishwe halwa. Kheiria alingoja garini mpaka watu wakapungua, kisha akaingia, akambusu mjomba mkono.

Alibaki mzee mmoja tu, kakaa kwenye kiti kilicho karibu na mjomba, na kanzu mpya, ananukia udi mpaka pua inawasha. Wako watu hawaoni haya, halwa imekwisha na bado hawaondoki.

"Mzee wangu, hebu nipishe," Kheiria alimwambia. "Nna mazungumzo ya watu wa nyumba."

Mzee akainuka, akenda kukaa mkekani karibu na mlango. Kheiria akaketi, akatandaza buibui lake.

"Mjomba, muamuru mama twende naye. Neno lako hawezi kulirudisha. Kazi hana, shughuli hana, kakaa tu anasubiri kufa. Mie namtafutia furaha."

Mjomba alimsikiliza mpaka mwisho. Akajimiminia kahawa, akainywa.

"Ungenijia jana, mwanangu, huenda ningemuamuru," alisema. "Tangu alasiri ya leo ruhusa ya mama yako haimo mikononi mwangu. Muombe mumewe. Ndiye huyo uliyemuinua kitini."