Meza Inayumba

Mzee alikuwa ameshauliza mara mbili huyu dada anayempaka poda ni mtoto wa nani. Mara zote mbili binti yake alicheka kwa nguvu, ili dada wa poda naye acheke, adhani ni utani. Mwaka mzima sasa kazi yake ilikuwa hiyo, kucheka pale baba yake anaposahau.

"Baba, mtangazaji akikuuliza kitu usichokikumbuka, wewe sema tu, 'Hilo nawaachia watazamaji.' Basi."

"Nawaachia watazamaji," Mzee alirudia kwa utiifu. Akafikiri kidogo. "Watazamaji wa nini?"

Jamani! Na zilibaki dakika tano.

Mwaliko wenyewe wa kituo cha televisheni Mzee aliukubali kwa simu, akasahau kuwaambia watu wa nyumbani. Walipokuja kujua, matangazo yalikuwa yamebandikwa hadi kwenye vituo vya mafuta: mtunzi wa mchezo wa Meza Inayumba, mbele yenu, moja kwa moja, saa kumi alasiri. Kukataa kungezua maswali, na maswali ndiyo binti aliyokuwa akiyakimbia. Alikuwa ameapa kwamba mtu aliyewaliza na kuwachekesha watu kwa miaka kumi na tisa hataonekana na nchi nzima akihangaika kutafuta jina la mkewe.

Wakamtoa binti studio, wakampeleka chumba cha mitambo, nyuma ya kioo kinene. Mama yake alikuwa ameshakaa pale kitambo, ametulia tuli. Huyu ndiye aliyepiga chapa kila sehemu ya mchezo ule, na kila Jumatatu Mzee alikuwa akivaa tai na kupeleka bahasha kituoni.

"Mama, leo tunaumbuka."

"Mwache baba yako aongee," Mama alisema. "Kuongea hajawahi kushindwa."

Taa nyekundu ikawaka.

Mwanzo haukuwa mbaya. Mzee alikaa kama bwana harusi, akatabasamu kila aliposifiwa. Kisha mtangazaji, kijana wa suti ya kubana, akamwinamia. "Mzee wetu, kwa nini ulimuua yule muuguzi? Mama yangu alilia wiki nzima."

Mzee alishtuka. "Amekufa? Lini?"

Studio nzima ikaangua kicheko, makofi juu. Nyuma ya kioo binti alifumba macho.

"Mchezaji mwenyewe alipata kazi kwingine," Mama alinong'ona, kana kwamba ameulizwa yeye. "Angebaki hai vipi?"

Binti hakumsikiliza. Alikuwa akisubiri swali moja tu, na ndilo hilo lililokuwa linakuja.

"Sasa lile la siku zote," alisema mtangazaji. "Sehemu mia tisa, na sijaona hata meza moja inayoyumba. Jina hili lina maana gani?"

Watu walikuwa wamelihangaikia jina hilo mpaka basi. Wako waliosema meza ni ndoa, wako waliosema ni serikali, na mhubiri mmoja aliapa kuwa ni dunia. Shuleni liliwahi kuulizwa kwenye mtihani kwa alama kumi, na binti wa mtunzi mwenyewe akaambulia tatu. Alipokwenda kumlalamikia baba yake, Mzee alimjibu, "Mfuate mwalimu wako, ndiye anayejua." Wakati huo alikuwa na akili zake timamu, na bado hakumwambia mtu. Leo jibu angelitoa wapi?

"Nawaachia watazamaji," binti alisema, mdomo karibu uguse kioo. "Baba, sema nawaachia watazamaji." Lakini kioo hakikupitisha sauti. Akamgeukia fundi wa mitambo. "Kaka, nakuomba, weka tangazo. Weka chochote."

"Dada, tuko hewani. Mimi hapa hata kupiga chafya naomba ruhusa."

Kamera ikamsogelea Mzee. Macho yake yalizunguka studio yakitafuta mtu wa kumkumbusha, na huyo mtu alikuwa amesimama nyuma ya kioo, mikono kichwani, hana la kufanya. Binti aliumia kumwona vile. Angekubali kuwa mwehu yeye mwenyewe mbele ya nchi nzima, kuliko baba yake.

Halafu Mzee akacheka.

"Lile? Lile si jina, mwanangu. Mke wangu alikuwa akipiga taipu jikoni, mguu wa meza umelegea. Akaniandikia juu kabisa ya karatasi ya kwanza, 'Meza inayumba.' Alitaka nigonge msumari. Mimi nikaitia karatasi kwenye bahasha bila kusoma, na wakubwa wa hapa wakadhani ni jina, wakaona limekaa vizuri."

Studio ilivunjika mbavu. Hata fundi alijifuta machozi. Binti alishusha pumzi. Anakumbuka! Miaka yote hiyo, na anakumbuka hadi mguu wa meza!

"Kumbe!" alisema mtangazaji, akijikaza asicheke. "Na wewe mwenyewe ulikuwa umeupa mchezo wako jina gani?"

Nyuma yake, binti alisikia kiti cha Mama kikisogea.

"Mimi?" Mzee alishangaa kweli. "Mimi niupe jina kwa lipi? Sijaandika hata mstari mmoja. Anaandika yeye, mimi napeleka bahasha. Alinikataza nisimwambie mtu, lakini sasa sikumbuki kwa nini."