Habari Mpaka Ziishe

Siku ya kwanza ya somo la uhandisi wa programu, Mwalimu Tunu aliwaambia wanafunzi wake wa chuo kikuu kwamba yeye ni kompyuta. "Sina akili wala aibu. Mkiniandikia, natenda."

Kombo, mmoja wa wanafunzi hao, alicheka. Akasimama, akaomba asamehewe somo hilo, kwani kuandika programu alishajifundisha mwenyewe.

"Basi niandikie jinsi ya kupokea mgeni," mwalimu akamwambia. "Nikifika mwisho kabla ya kengele, nimekusamehe."

Kombo akaandika ubaoni mistari mitatu: mgeni akibisha, mkaribishe; mpe kiti; muulize habari mpaka ziishe.

Mara ikasikika hodi. Alikuwa Bi Msimu, mfagizi mzee, amefuata ufagio wake.

"Karibu," alisema mwalimu, bila shikamoo, maana haikuandikwa. Akampa kiti. "Habari za nyumbani?"

"Njema, mwanangu."

"Za watoto?"

"Wazima. Ila huyu wa pili, na ile posa yake..."

Darasa zima likasogeza viti mbele. Nusu saa baadaye posa ilikuwa imevunjika mara mbili, na mbuzi wa karamu hajulikani alipo.

"Na habari za mbuzi?" akauliza mwalimu, hata kope hazimchezi.

Kombo akanyakua chaki, akaenda kuurekebisha mstari wa tatu. "Samahani, bibi..."

Bi Msimu akamgeukia, uso umekunjuka. "Ewe mjukuu wangu! Kwenu hawajambo?"

Kombo akaitazama saa ya ukutani, kisha chaki.

"Shikamoo, bibi," akasema, akavuta kiti.