Mwandiko wa Shaweji

Mgeni aliketi kwenye kiti cha Shaweji, akasema yeye ndiye Shaweji, mume aliyepotea siku nyingi. Zamda alimkodolea macho asimwone mumewe, wala asithubutu kumfukuza. Akatoa kabatini kompyuta ya kiganjani ya Shaweji. Mfumo wake wa kizamani ulikuwa umejifunza mwandiko wa Shaweji peke yake. Mwingine yeyote akiandika, ulitoa upuuzi.

"Hebu niandikie jina langu," alisema, akimpa kompyuta na kalamu yake.

Mgeni akaandika kwenye kioo. Likatokea neno: Zonqa.

Zamda akamgeuzia kioo alione neno lile.

"Mwandiko hubadilika, mke wangu," mgeni alisema kwa upole, akaenda kufunga mlango. Komeo bovu la mlango huo huwashinda wageni wote. Yeye aliliinua kwanza, ndipo akalisukuma, bila hata kulitazama.