Mwizi wa Zoezi

Saa nne na dakika kumi asubuhi, mtu mmoja aliingia katika darasa la uchoraji, akachukua mkoba wa ngozi juu ya meza ya mwalimu, akatoka mbio. Mwalimu alikuwa anaandika ubaoni. Hakugeuka.

Alimaliza kwanza sentensi yake: *Chora unachokiona, si unachokijua.* Akaweka nukta. Kisha akawageukia wanafunzi wake tisa, watu wazima wote, waliokuwa wamesimama vinywa wazi.

"Kaeni. Huyo si mwizi, ni zoezi. Mna dakika ishirini. Mchoreni."

Walimwita Jicho, naye aliamini ni kwa heshima. Zoezi hili alilipanga wiki nzima. Mwizi alikuwa shemeji yake, mdogo wa mke wake, aliyeagizwa aingie saa nne na kumi, achukue mkoba, akimbie, aurudishe saa tano. Mke alimwonya kwamba ndugu yake huyo hafai hata kutumwa chumvi. Jicho hakusikia. Tena, ili zoezi lisinuke uigizaji, ndani ya mkoba aliacha kitu cha kweli: mswada wa kitabu chake cha kufundisha watu kutazama. Kazi ya miaka saba, kwa mkono, nakala moja tu. Mchapishaji alikuwa anausubiri saa nane mchana.

Dakika zilipokwisha alipita kati ya meza, mikono nyuma. Kwenye meza ya tatu akaanza kucheka.

"Shemeji yangu ni mfupi, mnene, ana sharubu. Mlingoti huu mmeutoa wapi?"

"Ndiye aliyeingia, mwalimu," akasema fundi cherehani, mama aliyekaa mbele. "Mimi napima watu kwa macho, mwaka wa thelathini huu. Yule anapita futi sita, bega la kushoto limeshuka, na kiatu kimoja amekifunga kwa kamba ya katani."

"Shemeji yangu ni mtu nadhifu, mama."

"Sisi tulikuwa tunamtazama yeye. Wewe ulikuwa unatazama ubao."

"Namjua yule miaka kumi na minne. Sihitaji kugeuka."

"Basi labda siku hizi amerefuka."

Darasa likacheka. Jicho hakucheka. Akakusanya karatasi, akazipanga mezani. Zote tisa zilikuwa na mtu yuleyule: mrefu, bega limeshuka, kamba kiatuni. Watu tisa hawakosei namna moja kwa bahati, hilo alilijua.

"Mmeigiliziana," akasema. "Watu wazima na mvi zenu!"

Akawapa sifuri wote. Akachukua ufutio, akafuta uso mmoja baada ya mwingine, mpaka karatasi zikabaki na madoa ya kijivu.

Kisha akachora mwenyewe, kwa dakika tano, bila kuinua mkono: ufupi, tumbo, sharubu, hata kovu dogo la kidevuni. Ilikuwa kazi safi. Fundi mwenyewe alikiri kwamba mtu huyo, kama yupo, angemtambua hata sokoni. Jicho akaipeleka picha kwa mlinzi wa getini.

"Akitokea huyu, mshike umlete darasani. Usimsikilize."

Saa tano kasoro dakika tano mlango ulifunguliwa. Mlinzi aliingia amemshika ukosi mtu mfupi, mnene, mwenye sharubu. Kovu lilikuwa mahali pake.

"Huyu hapa, mwalimu. Sikuhangaika hata kidogo. Picha ni yeye mtupu."

Jicho akaligeukia darasa, akafungua mikono. "Mmeona? Hiyo ndiyo faida ya jicho lililofundishwa."

Shemeji alijinasua, akapangusa jasho, akaitazama meza, akaitazama saa ya ukutani.

"Nisamehe, shemeji, basi limeharibika njiani," akasema. "Huo mkoba wa kuiba uko wapi, nianze?"