Ukuta wa Bibi Nyanzala

Ibada ilikuwa imekwisha, na waumini walimkumbatia Leokadia mlangoni mwa kanisa kwa sababu alikuwa ametubu mbele yao. Hakwenda nyumbani. Alijitwika beseni la udongo akaenda kwa Bibi Nyanzala, kwenye nyumba ambayo vijana waliichoma baada ya Leokadia kutangaza kwamba bibi huyo amemroga mwanawe. Ukuta mmoja tu ndio uliobaki. Bibi alikuwa ameketi chini ya turubai, kando ya mtungi wa maji.

"Shikamoo, bibi."

"Umefuata nini? Hapa hakuna kilichobaki cha kuchoma."

Leokadia akapiga magoti. "Mwanangu alikufa kwa homa. Mimi ndiye niliyechelewa kumpeleka hospitali. Nilijua, bibi, nikakusingizia wewe."

"Nimesikia vigelegele vyenu. Wanasema Mungu ameshakusamehe."

"Ndivyo mchungaji alivyosema."

"Basi Mungu amewahi. Mimi bado."

Leokadia aliinuka, akalivuta beseni hadi ukutani. Aliukanda udongo, akaanza kukandika ukuta kwa viganja. Masizi yaliukataa udongo. Kila alipoubandika uliporomoka miguuni pake. Akakwangua masizi kwa kucha mpaka zikatoka damu, akabandika tena, ukaporomoka tena.

"Mkavu huo udongo," bibi alisema, kana kwamba anajisemea.

Alifunua mtungi, akachota maji kwa kata. Kisha akabaki ameishika mkononi, hanywi wala hampi, huku Leokadia akiwa amekinga viganja vyake vyeusi.