Atakayefaulu Kwanza

Saa sita na dakika tano mchana, Ye-rim alijifungia katika choo cha stesheni ya Noryangjin, akavua suti ya kazi, akavaa suruali ya mazoezi iliyopauka magotini. Akatia miguu kwenye ndala, akazitimua nywele. Kitambulisho cha ofisi alikizamisha chini kabisa ya mkoba. Alipotoka alikuwa mtahiniwa kamili, yaani mtu asiyekumbuka alioga lini.

Noryangjin nzima huvaa hivyo. Ni mtaa wa vijana wanaosomea mtihani wa utumishi wa umma, katika vyumba ambavyo ukinyoosha miguu unagonga mlango. Wengine wamo humo mwaka wa sita. Ye-rim yeye alikwisha kufaulu, mwaka na nusu sasa. Tatizo ni kwamba mpenzi wake, Tae-gyun, hakuambiwa.

Angemwambiaje? Mdomo wake mwenyewe ndio uliomponza. Miaka minne nyuma walikutana kwenye kibanda cha wali wa kikombe. Ilikuwa Jumamosi, kijana kavaa nguo za mazoezi, basi Ye-rim hakuona haja ya kumuuliza anafanya nini. Alikuwa ametoka kuachana na mmoja ambaye, alipofaulu, alianza kumletea nyama na nasaha kama anayezuru mgonjwa. Kwa hiyo Tae-gyun alipewa masharti kabla hajamaliza kutafuna.

"Tutakula pamoja kila mchana. Mapenzi baadaye. Na atakayefaulu kwanza aende zake, asigeuke nyuma. Mimi sitaki kuhurumiwa na mtu."

Tae-gyun alipaliwa, akakohoa mpaka akatokwa na machozi. "Haya," akasema. "Sawa tu."

Mapenzi hayakungoja baadaye. Ndiyo maana leo mtumishi wa serikali, mwenye pensheni yake, alikuwa ameketi kibandani akijifanya hajui kitu.

"Umekonda," Tae-gyun alimwambia, akimhamishia yai lake. "Sheria bado inakutesa?"

"Inaniua! Wewe je?"

"Mimi? Aa... mimi historia." Akatupia saa jicho, akaruka. "Lo! Saa saba kasoro robo! Vitabu vinaningoja, bwana."

Akatoka mbio, kama kawaida yake. Hakuna mtu aliyeheshimu ratiba kama yeye, na kila mwaka anafeli! Ye-rim akausukuma wali kando. Mtu anajituma namna hii, na yeye anamdanganya usoni. Alimpenda mno, na aibu ilikuwa imemjaa mpaka pomoni.

Amwambie ukweli, ampoteze. Aendelee kumdanganya, mchana asile na usiku asilale. Ilikuwepo njia ya tatu, ambayo mwenye akili timamu asingeiona: aache kazi, arudi kusoma kweli, wafaulu pamoja. Mama yake angezimia. Bango la kumpongeza binti kwa kufaulu lilikuwa bado linaning'inia langoni mwa kijiji chao.

Saa nane alikuwa mbele ya Bi Ok, naibu mkuu wa idara, barua ya kuacha kazi mkononi.

"We binti, una wazimu? Watu wanazeekea mtihanini kwa hiki kiti chako!"

"Ni mambo ya moyo, Bi Ok."

"Moyo! Moyo una pensheni?" Bi Ok aliisukuma barua ile kama sahani yenye nzi. "Mimi siigusi. Mpe mkuu mpya, anaripoti sasa hivi, kahamishwa kutoka wilaya ya jirani. Mwaka wa saba huu yuko kazini, vichaa atakuwa kashawaona."

Mlango ukafunguliwa. Idara nzima ikasimama, ikainama. Ye-rim aliinama kuliko wote, akainyoosha barua kwa mikono miwili. Akangoja. Barua haikupokelewa.

Alipoinua uso, aliyesimama mbele yake, tai shingoni, alikuwa Tae-gyun.